Majeruhi wa vita waandikwe, watunzwe, na majina yao yalindwe

Wandugu na wadada, vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Beni, Butembo, Bunia na Uvira, na ninyi wote wenye mulikimbia na munasoma haya mukiwa mbali na nyumbani,

Leo hatuandiki juu ya maandamano. Tunaandika juu ya daftari. Musicheke kwanza, musome mpaka mwisho.

Kuko mama mumoja tulimusindikiza siku ine nzima kumutafuta mutoto wake. Kijana alikuwa amejeruhiwa mu mapigano, motari mumoja alimubeba, kisha habari zikakatika. Hospitali ya kwanza, muforomo alifungua kaye yake, akapitisha kidole kwenye majina, akasema: "Hayuko hapa, mama." Hospitali ya pili, liste ilikuwa imebandikwa ku mulango na mvua ilikuwa imeshaifuta nusu. Mahali pa tatu palikuwa pa askari. Walitujibu kwamba hiyo ni siri, turudi na karte ya huduma. Mama gani anatembea na karte ya huduma ya mutoto wake? Siku ya ine tulimukuta, ndani ya hospitali ileile ya kwanza. Walikuwa wamemuandika kwa jina la motari mwenye alimuleta.

Muguu ulikuwa umekatwa. Muganga alituelezea pole pole. Kijana alifika na garo imefungwa juu ya goti, na hakuna mutu aliyeandika ilifungwa saa ngapi. Garo inaokoa maisha, lakini ikikaa saa nyingi nyama inakufa. Muganga hakujua ni saa moja ama ni saa nane. Alichagua kuokoa uhai. Hatumulaumu. Lakini mama alituuliza swali lenye hatujasahau: "Sasa juu ya kukosa kalamu, mutoto wangu amekosa muguu?"

Hatuna jibu la kumupa. Tuko tu na mawazo, na tunayaweka mbele yenu.

Kila mutu na kaye yake

Mu mashariki ya inchi yetu kuna vita zaidi ya miaka 25. Tumejua risasi, mabomu, mapanga ya Beni, ma-bombe yaliyoanguka juu ya wakimbizi wa ndani kule Mugunga na Lac Vert tarehe 3 Mei 2024. Kwa miaka hiyo yote, waganga wetu wamepasua, wameshona na wamefunga vidonda pengine kuliko waganga wa inchi nyingi za dunia. Ujuzi huo uko wapi? Uko kichwani mwao na ndani ya makaye yenye panya wanakula.

Angalieni vile mambo yanaenda. Hospitali ya serikali na ile ya kanisa zinatuma hesabu zao ku zone de santé, na zone inaziingiza ndani ya SNIS, ile mashini ya habari za afya ya inchi nzima, yenye zone 519. Lakini SNIS inakusanya jumla za kila mwezi: malaria ngapi, kuhara ngapi, kuzaa ngapi. Haimufuati mutu mumoja toka mahali alipigwa risasi mpaka siku anatembea tena. Hospitali za jeshi ziko chini ya wizara ya ulinzi, na habari zao zinapanda kwa njia yao. Msalaba Mwekundu wa kimataifa, wenye kwa miaka mingi unasaidia upasuaji wa majeruhi ku CBCA Ndosho, uko na fishi zake. Madaktari Wasio na Mipaka wako na zao. Wenye kutengeneza miguu ya bandia, kama Shirika la Umoja pale Goma ama Heri Kwetu pale Bukavu, wako na zao. Na mzalendo mwenye anatibiwa mu sante ya kijijini, pengine hakuna mahali anaandikwa kabisa.

Mutu ni mumoja, kidonda ni kimoja, lakini makaye ni sita na hazijuani. Akihamishwa mara mbili, anahesabiwa kama watu watatu. Akifia njiani, hahesabiwi hata mara moja.

Njo maana kila vita ikipita tunabaki na hesabu za kubishania. Mukumbuke Goma mwisho wa Januari 2025. Umoja wa Mataifa ulisema kwanza wafu ni 700 na majeruhi ni 2,800. Siku chache nyuma, wafu 900 ndani ya hospitali. Kisha tukasikia maelfu wameshazikwa. Mwezi wa pili, waziri mukuu alisimama Geneva akasema waliokufa tangu Januari ni zaidi ya 7,000. Hatusemi mutu fulani alidanganya. Tunasema kwamba kila mumoja alihesabu kipande chake, na hakuna meza moja yenye vipande vyote vilikutana.

Wengine waliandika, wakajifunza

Kuna watu watasema daftari ni mambo ya biro, haifungi damu. Hapana. Inafunga damu, na kuna mufano.

Wakati wa vita vya Irak na Afghanistan, jeshi la Marekani lilianzisha rejista moja ya majeruhi. Kila mutu aliyejeruhiwa: alipigwa na nini, wapi kwenye mwili, saa ngapi, nani alimugusa kwanza, alipewa nini, alifika hospitali saa ngapi, na mwisho wake ulikuwa gani. Habari za shamba la vita, za helikopta, za hospitali ya mbele na za hospitali ya nyumbani zilikutana mahali pamoja. Kisha waganga wakakaa na kuuliza: hawa waliokufa, nani angeweza kupona?

Utafiti wao uliotoka mwaka 2012 uliangalia vifo 4,596 vya kati ya 2001 na 2011. Karibu 87 kwa 100 walikufa kabla ya kufika hospitali. Kati ya hao wa kabla ya hospitali, karibu robo walikuwa na vidonda vyenye kuweza kutibika. Na kati ya hao wa kutibika, 9 kwa 10 walikufa kwa sababu moja: damu iliisha.

Hiyo jibu ilikuwa na maana kubwa. Ilionyesha kwamba pesa na akili haziwezi kwenda zote ndani ya hospitali kubwa, zinapashwa kwenda pia ku mukono wa mutu wa kwanza mwenye kufika karibu na majeruhi. Garo ndani ya mufuko wa kila askari. Saa ya kufunga iandikwe. Damu isogee karibu. Mwaka 2009 waziri wao wa ulinzi aliamuru majeruhi afike kwa upasuaji ndani ya dakika 60. Baadaye rejista ikaonyesha matokeo: wakati wa kusafirisha ulishuka toka dakika 90 mpaka 43, na majeruhi wanaokufa walipunguka toka karibu 14 kwa 100 mpaka karibu 8.

Na kikosi chao kimoja, kile cha Ranger wa 75, kilikuwa kimeshaanza mbele ya wengine. Kila askari, hata mupishi na dereva, alifundishwa kuokoa. Kila majeruhi aliandikiwa karte ndogo palepale, na kikosi kikachunga rejista yake. Kwa miaka zaidi ya 8 ya vita walipoteza watu 32. Walipochunguza, hawakupata hata mumoja aliyekufa kule uwanjani kwa kidonda chenye kingezuilika.

Tunajua mutajibu: "Wale ni Wamarekani. Wako na helikopta." Kweli. Hatuna helikopta, tuko na motari na barabara ya Sake. Na hatusifu vita vyao, Wairaki na Waafghani wako na yao ya kusema juu ya vita hivyo. Lakini karte ndogo yenye mistari kumi si helikopta. Kalamu si helikopta. Kufundisha motari kufunga garo na kuandika saa ku paji la uso wa majeruhi, hiyo si helikopta. Kitu cha kuiga hapa ni tabia: kuandika kila mutu kwa namna moja, kukusanya pamoja, kuuliza kwa nini alikufa, na kubadilisha kazi kulingana na jibu.

Rejista yetu ingetujibu maswali yetu. Toka Masisi ama Walikale mpaka kwa muganga wa upasuaji ni saa ngapi, na ni wapi pa kuweka kikundi kingine cha upasuaji? Mabombe yanaumiza nani zaidi, askari ama watoto? Miguu mingapi inakatwa kwa sababu ya kidonda chenyewe, na mingapi kwa sababu ya kuchelewa? Panga la Beni linaacha mukono wa namna gani, na nani anaufundisha kushika jembe tena? Mutu aliyepewa muguu wa bandia akiwa na miaka 12, nani anamubadilishia akiwa na miaka 14, maana mutoto anakua na bandia haikui? Leo kila mumoja anajibu kwa kukisia.

Na wasitudanganye kwamba ni mambo ya askari tu. Mu vita yetu bombe haiulize karte ya huduma. Askari, mzalendo, mama wa soko, mutoto wa shule wanalazwa ndani ya chumba kimoja. Ukitenga rejista ya askari na ya raia, utakuwa umeandika nusu ya vita.

Daftari ingetusaidia hata La Haye

Sasa musikilize vizuri kwa sababu hii wengi hawaijui.

Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye ilisema Uganda ilivunja sheria kwa vita yake mu Congo. Tulishinda. Kikabaki kitu kimoja: kulipa. Congo iliomba zaidi ya dola miliari 11. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ilitoa hukumu: dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 kwa ajili ya madhara ya watu.

Juu ya nini pengo kubwa namna hiyo? Kuna sababu nyingi za sheria, lakini moja inatuhusu. Congo ilidai raia 180,000 walikufa. Mahakama haikuona ushahidi wa kutosha, ikakadiria kati ya 10,000 na 15,000. Na kwa majeruhi ilikuwa mubaya zaidi. Mahakama ilisema ushahidi ulioletwa hauwezi kuonyesha, hata kwa kukadiria, ni watu wangapi walijeruhiwa.

Hata kwa kukadiria! Watu wa Kisangani walioumizwa na mabombe ya siku sita za mwezi wa sita 2000 bado wanatembea na vyuma mwilini. Wako. Wanaonekana. Lakini mbele ya mahakimu, makovu yao hayakuwa na karatasi ya kutosha.

Siku moja na vita ya leo itafika mbele ya mahakimu, tunaiamini hiyo siku. Tutapeleka nini? Picha za WhatsApp? Mupango wa malipo kwa victime, kama ule wa FONAREV wenye sheria yake ilitoka Desemba 2022, utamutambua mutu namna gani kama hakuna aliyeandika kidonda chake siku kilipotoka damu? Karatasi ya muganga, yenye tarehe na mahali na aina ya kidonda, ni dawa leo na ni ushahidi kesho.

Ebola ilituonyesha inawezekana

Wakubwa wanapenda kusema: "Congo ni kubwa, barabara hakuna, moto hakuna, haiwezekani." Tunawauliza: na Ebola?

Toka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, mu Nord-Kivu na Ituri, katikati ya vita ileile, kila mugonjwa wa Ebola aliandikwa. Wagonjwa 3,470. Waliokufa 2,287. Kila mumoja na fishi yake: toka wapi, alianza kuumwa lini, alimugusa nani, alipimwa lini, alipona ama hapana. Vijana wa hapa, wengine ni wenzetu, walitembea Beni, Mabalako, Katwa, mulango kwa mulango na simu mukononi. Mangaribi hesabu ilikuwa mezani. Dunia nzima iliisoma.

Tunakumbuka pia makosa ya wakati ule: pesa nyingi zilipotea njiani, wananchi walidharauliwa, watu wakajiuliza juu ya nini Ebola inahesabiwa na mauaji ya Beni hayahesabiwi. Lile swali lilikuwa halali, na bado ni halali. Kama tuliweza kufuata kirusi toka mutu mpaka mutu, hatuwezi kufuata risasi? Kirusi kilikuwa kinatisha hata Ulaya. Risasi inatuua siye tu. Hapo njo tofauti ilipo.

Daftari inaweza pia kuua

Hapa njo tulibishana kati yetu, usiku mzima, na hatutaficha.

Usiku wa tarehe 28 Februari na ule uliofuata, mwaka 2025, wapiganaji wa M23 waliingia ndani ya hospitali mbili za Goma, CBCA Ndosho na Heal Africa. Kwa mujibu wa ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, walichukua wagonjwa na majeruhi wasiopungua 130, wakiwashuku kuwa askari wa FARDC ama wazalendo. Watu wenye walikuwa wamelala ku kitanda.

Mwenzetu mumoja alisema: "Munataka rejista? Siku hiyo, rejista ingekuwa liste ya kuwindia watu." Hakuna aliyemujibu haraka, kwa sababu alisema kweli. Rejista yenye inasema "huyu ni askari, wa kikosi fulani, kitanda namba fulani" ni bunduki yenye imeachwa mezani. Muji ukibadilisha mikono usiku mumoja, na siye tumeona inawezekana, mwenye kuingia anakuta kila kitu.

Na hatari haiko upande mumoja. Serikali nayo iko na watu wa upelelezi. Mugonjwa mwenye anajua kwamba jina lake litapelekwa huko, hatakuja hospitali. Atafia nyumbani.

Siye pia tulikosa. Januari ile tulirusha picha za majeruhi mu magroupe, na sura zao, na jina la hospitali. Tulitaka dunia ione. Hatukujiuliza nani mwingine anaangalia. Tunaomba musamaha, na tumefuta zile tulizoweza kufuta.

Basi mwisho wa mabishano tulikubaliana hivi: kutoandika kunaua pole pole, kuandika ovyo kunaua haraka, na njia ni kuandika kwa akili. Tulikaa na waganga na vijana wa informatiki wakatuelezea kwamba inawezekana, na si uchawi.

Jina na kidonda vitengane. Majeruhi anapewa namba, kama tikiti. Ndani ya banki ya habari ya pamoja inaingia namba, umri, ni mwanamume ama mwanamuke, kidonda, silaha, saa, eneo kwa ujumla, matibabu na matokeo. Kitabu cha majina kinabaki mahali pengine, kimefungwa kwa siri, na ufunguo wake unashikwa na watu wawili wenye hawakai muji mumoja. Kitu "askari ama mzalendo ama raia" hakiingii kabisa ndani ya mashini ya hospitali. Mutafiti akihitaji kujua kama majeruhi alikuwa na silaha, habari hiyo ichukuliwe baadaye, mbali na pale, na kwa ruhusa ya mugonjwa. Mashini ifanye kazi bila intaneti, kwa sababu tumeona Goma ikibaki bila moto, bila maji na bila reseau kwa siku kadhaa. Na kuwe mupango wa siku ya hatari: nani anafunga, nani anafuta, kopi inalala wapi.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya siri ya mutu. Kode ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inazungumuza juu ya kulinda data za watu. Na Mukataba wa kwanza wa Geneva wa 1949 uliona toka zamani kwamba wenye kupigana wanapashwa kuandika majeruhi wa adui wenye wako mikononi mwao, jina na kidonda, ili familia ijulishwe. Dunia iliandika hiyo kwa ajili ya kulinda mutu. Kumuwinda ni kuigeuza sheria kichwa chini.

"Ni siri ya jeshi"

Jibu la mwisho lenye tunapewa kila mara ni hili: hesabu ya majeruhi ni siri ya jeshi, adui asijue.

Adui anajua. Ndiye aliyepiga. Mwenye hajui ni mama. Mwenye hajui ni depite mwenye anapiga kura juu ya bajeti ya ulinzi bila kuuliza damu ngapi, miguu mingapi ya bandia, wajane wangapi. Wazee walisema mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamufichua. Hatuombi hesabu ya kesho asubuhi ya mapigano ya leo. Tunaomba habari za matibabu zenye zimetolewa majina, zifike kwa watafiti na kwa wananchi baada ya wakati fulani.

Na tuseme wazi kitu kingine. Mahali hakuna rejista, mwizi anafurahi. Askari aliyekufa anaweza kuendelea kupokea mushahara kwa mukono wa mwingine. Aliyekatwa muguu anaweza kukaa miaka akingoja fedha zenye zimeshatoka. Tulishaona jeshi likihesabiwa kwa alama za vidole na mishahara ikitengwa na komando, na wenye walikasirika zaidi ni wale waliokula majina ya mizimu. Rejista ya majeruhi itakasirisha watu walewale. Ikiwakasirisha, tujue inafanya kazi.

Tunayoomba

1. Wizara ya afya na wizara ya ulinzi zikae meza moja na kukubali fishi moja ya majeruhi, fupi, ya Kifaransa na ya Kiswahili, kwa hospitali zote za jeshi, za serikali, za kanisa na za mashirika. Saa ya kujeruhiwa na saa ya garo ziwe mistari ya kwanza.

2. Fishi hiyo iingie ndani ya banki ya habari moja, yenye inasimamiwa na waganga na watafiti wa Congo. Ofisi za upelelezi, za upande wowote, zisipewe ufunguo.

3. Kuwe komite ya kuichunga: waganga, waforomo, watetezi wa haki, wawakilishi wa majeruhi wenyewe. Majeruhi wawe na viti vya kweli, si vya kupigia picha.

4. Mashirika ya kigeni yanayokusanya habari za vidonda vyetu yaache kopi hapa inchini. Utafiti ukitoka juu ya miili yetu, watafiti wetu wawe ndani na matokeo yarudi kwa hospitali zilizotoa habari.

5. Rejista isiishie ku mulango wa kutokea. Imufuate mutu mpaka bandia, mpaka mazoezi, mpaka akili yake itulie, kwa sababu kuna vidonda visivyotoka damu.

6. Makundi yote yenye silaha, na M23 wa kwanza, yaheshimu hospitali. Wale waliochukuliwa ku vitanda, familia zao ziambiwe wako wapi. Mugonjwa hana adui.

Na sisi wenyewe

Hatutangoja Kinshasa. Kila muji tuko na kikundi, kila kikundi kiko na mutu mumoja aliyesoma uforomo ama alifanya kazi wakati wa Ebola. Waanze. Wafundishe mamotari wa karibu kufunga damu na kuandika saa. Kalamu ya feutre inanunuliwa kwa franka kidogo ku kila butike. Mukimuleta majeruhi, muwaambie hospitali jina lake la kweli kwa sauti ndogo, si lenu. Musipige picha ya sura. Musiandike mu groupe amelazwa wapi. Munaotumia mashini, mukae na waganga, mutengeneze kitu kidogo chenye kinafanya kazi bila moto. Wanafunzi wa udaktari mu miji yetu, mada za memwari ziko mbele ya macho yenu. Muache kukopi zile za mwaka jana.

Yule kijana tuliyemutafuta siku ine sasa anatembea na mikongojo. Wiki iliyopita alituuliza kama anaweza kusaidia. Tulimupa kaye na kalamu. Anafundisha mamotari wa avenue yao, na somo lake ni fupi sana. Anaonyesha goti lake, anasema: "Muandike saa."

Vijana wa harakati ya raia, tuliobaki mijini na tuliokimbia